"Baba naye ni mlezi": maneno ya mkwezi kwa wazazi wa chekechea

Mkwezi wa minazi na baba wa watoto 3 amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika kituo kimoja cha chekechea eneo la Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Katika mkutano wa kwanza wa kamati aliombwa ajitambulishe kwa wazazi wenzake. Tunachapisha maneno yake kwa faida ya wakazi wote.

Mwakilishi wetu wa wadi, afisa wa elimu ya chekechea, walimu wetu, wazee wa kijiji, mama zangu na ndugu zangu wazazi,

Nimepewa dakika kumi nijitambulishe. Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura, maana mimi huwaita nikiwa juu ya mnazi: "Ondokeni hapo chini, nazi zinaanguka!" Leo nimeshuka, tuonane uso kwa uso.

Nianze na nyumbani. Nina mke na watoto 3. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 15, yuko gredi ya tisa. Wa pili ni msichana, yuko gredi ya tano. Wa tatu ni kitinda mimba wangu wa miaka 5, ambaye yuko PP2 hapa kwa mwalimu. Mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita hawe, anaishi nasi. Miguu yake haina nguvu tena, lakini hakuna neno linalosemwa katika boma lile likampita.

Mke wangu yuko Saudia, anafanya kazi ya nyumbani. Alikwenda kwa mkataba wa miaka 2. Ulipoisha alirudi, akakaa nasi kidogo, kisha akaenda tena. Kabla hajaondoka mara ya kwanza tulikaa chini tukapanga. Pesa anazotuma ni za karo na za kumaliza nyumba. Chakula cha kila siku ni juu yangu. Bahati yetu ni kwamba saa za Saudia na za Kenya ni zile zile, kwa hivyo Ijumaa jioni anapopata nafasi anapiga simu ya video, na watoto wanakuwa macho. Kila mmoja anapewa zamu yake. Kitinda mimba alimwacha akiwa na miaka 2, kwa hivyo mama anamjua zaidi kwenye simu kuliko mapajani. Hilo linaniuma, na linamuuma yeye zaidi. Siwezi kulificha mbele yenu, kwa sababu najua katika mkutano huu kuna nyumba nyingine zilizo kama yangu.

Alipoondoka, watu waliniuliza watoto watakaa na nani. Nikajibu, watakaa na baba yao. Wako waliocheka. Wako walioniambia niwapeleke kwa shangazi yao, wengine wakanitafutia mke wa pili bila kuulizwa. Sikuwagombeza. Niliamka tu asubuhi nikabandika uji.

Kliniki nilimpeleka mwenyewe. Mtoto chini ya miaka 5 anatakiwa kupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, na hiyo tarehe haingoji mama arudi kutoka ng'ambo. Kwenye benchi nilikuwa mwanamume peke yangu. Akina mama walinisogezea nafasi, mmoja akanionyesha ukurasa wa kutazama katika kile kijitabu cha mtoto. Tangu siku hiyo sijakikosa.

Kuna na nywele za binti yangu. Mimi nimesuka makuti ya kumba tangu utotoni, nikaona kama vidole vinajua kuti, vitajua na nywele. Jirani yetu alinifundisha kwa Jumapili tatu. Sasa nasuka twende kilioni, na mistari inanyooka. Binti yangu anasema ya jirani ni mizuri zaidi, lakini yangu haiumi.

Sasa kazi. Mimi ni mkwezi. Sina shamba kubwa, nakwea minazi ya watu, na ninalipwa kwa mnazi, si kwa siku. Mvua ikinyesha shina linateleza, na siku hiyo hakuna kazi. Mnazi mrefu wa kienyeji unaweza kufika mita 20 na zaidi. Ukiwa kule juu na panga kiunoni huna nafasi ya hasira wala ya mawazo mengi. Kuna nyuki, kuna manyigu, na mara nyingine kuna nyoka. Lazima pia ujue unachokata. Kidaka si kitale, kitale si dafu, dafu si koroma, na koroma bado haijawa nazi. Ukiangusha koroma kwa mtu aliyetaka nazi, umemharibia biashara, maana tui lake halitoshi.

Kazi hii imewalisha watoto wangu na sioni haya kuitaja. Lakini nataka niwaeleze jambo lililotokea nyumbani, kwa sababu linawahusu wengi wenu.

Likizo ya Agosti iliyopita, kijana wangu alikwea pamoja nami. Ni mwepesi, ana mwili wa kazi. Alipolipwa mara ya kwanza kwa mkono wake, aliniambia harudi shule muhula wa tatu. Alisema, "Baba, wewe mwenyewe unakwea, na tunakula."

Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimpa daftari. Nikamwambia, wiki hii utakwea nusu siku, na nusu siku utaandika. Andika umekwea minazi mingapi, umeangusha nazi ngapi, mwenye shamba ameziuza kwa bei gani pale pale chini ya mnazi, na huko Kongowea, Mombasa, zinauzwa kwa bei gani. Bei za mjini aliziuliza kwa simu kwa dereva anayebeba mzigo. Mwisho wa wiki akanisomea hesabu. Aliona mwenyewe kwamba mtu anayehatarisha shingo yake ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Anayekuna, anayekamua mafuta, anayejua kuandika mkataba na kupima uzito, huyo anapata zaidi, na miguu yake iko chini.

Kisha tukaenda kwenye mnazi mmoja wa zamani, nikamwonyesha ile mikato ya kupandia. Nikamuuliza inaitwaje. Akasema ni vidato. Nikamwambia, sisi zamani hata madarasa ya sekondari tuliyaita vidato. Siku hizi ninyi mnasema gredi, lakini maana ni ile ile. Hakuna mkwezi anayeruka vidato vitatu akafika juu salama.

Alirudi shule. Sisemi mambo yamekwisha. Kila likizo tunazungumza upya, na kila likizo naogopa. Sasa anauliza kuhusu chuo cha ufundi, kama kuna mahali mtu anaweza kujifunza mashine za kukamua mafuta ya nazi. Swali hilo linanifurahisha, na ninaomba afisa wetu anisaidie kulijibu.

Nimeulizwa pia nipende kusema mambo ninayoyapenda nje ya kazi. Ni mawili, na yote nimekuwa nayo tangu utoto.

La kwanza ni bao. Nilifundishwa na babu yangu chini ya mwembe, nikiwa na miaka kama saba. Wengine husema bao ni mchezo wa wanaume wasio na kazi. Hebu tuhesabu pamoja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8. Kete ni 64, kila mchezaji ana 32. Mwanzoni unaweka kete 6 kwenye nyumba, 2 kwenye shimo la jirani, na 2 kwenye linalofuata. Hizo ni 10. Zinabaki 22 mkononi, na unazinamua moja moja. Mtoto wangu wa PP2 hajui kwamba hiyo ni hesabu. Anajua tu kwamba asipohesabu vizuri, dada yake atamla kete.

Mke wangu alipoondoka, bao nililihamisha kutoka barazani nikalileta nyumbani. Baada ya chakula cha jioni simu zinawekwa pembeni, tunacheza mchezo mmoja. Hapo ndipo ninaposikia mambo ya shule. Ukimkalisha kijana ukamuuliza "una shida gani?", atakujibu hana. Mpe kete mkononi, mwangalie bao, usimwangalie yeye, na atasema mwenyewe. Lile neno la kuacha shule lilisemwa juu ya bao, ndiyo maana nililisikia mapema.

La pili ni kupanda minazi. Kila mtoto aliyezaliwa kwangu nimempandia mnazi wake. Ule mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Ule mfupi huwahi zaidi. Wa kijana wangu unazaa tayari. Wa kitinda mimba bado ni mchanga, na Jumamosi tunaukagua pamoja kama kuna chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Tukimkuta tunamtoa kwa waya. Magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi tunayaondoa karibu, kwa sababu ndimo anamozalia. Mnazi hauhitaji maneno mengi, unahitaji mtu anayepita kuutazama mara kwa mara. Nimeona watoto nao wako hivyo.

Wazazi wenzangu, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Katiba hiyo hiyo imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kwa hivyo serikali ina sehemu yake na tutaidai, na sisi tuna sehemu yetu. Kila asubuhi nikimleta mtoto wangu hapa getini, ninaowakuta ni akina mama na akina bibi. Akina baba tuko wapi? Wengi tuko kazini, najua. Wengine tuko barazani, hilo nalo najua.

Kwa hivyo nina maombi matatu.

La kwanza, kila baba amlete mtoto wake angalau asubuhi moja kwa wiki, na asiishie getini. Aingie, amsalimu mwalimu, aulize mtoto anaendeleaje.

La pili, kila Ijumaa baba wawili waje kwa nusu saa wakati wa michezo. Hatuhitaji kununua vifaa. Tunaweza kuchimba mashimo ya bao ardhini, kusuka vititia vya makuti, na kusugua vifuu vikawa laini vya kupimia mchanga na maji. Kwa kete tutumie komwe, lakini ziwe za watoto wakubwa na mtu mzima awepo, kwa sababu komwe si chakula na mtoto mdogo anaweza kukabwa nayo.

La tatu, mzazi akisafiri kikazi, awe Saudia, Mombasa au Nairobi, mwalimu aambiwe. Aambiwe mtoto anakaa na nani, na apewe namba ya simu. Mtoto anayenyamaza darasani ghafla huenda si mgonjwa wala si mkaidi. Huenda mama yake ameondoka jana usiku, na mwalimu hajui.

Mimi sina cheo kingine zaidi ya hiki mlichonipa. Nina panga, nina bao, nina watoto 3 ninaowalea pamoja na mama yao aliye mbali. Daftari la zamu za Ijumaa liko pale mezani kwa mwalimu. Jina langu nimeshaliandika mstari wa kwanza, na kando yake pana nafasi ya baba wa pili.