Wanaume, Tusingoje Maumivu Ndipo Tukapimwe Tezi Dume

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi barazani)

 

Leo nazungumzia ugonjwa ambao wanaume wengi huutaja kwa kunong'ona: saratani ya tezi dume. Ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Kenya kwa wingi zaidi.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anacho. Saratani inapoanza humo, mara nyingi haiumi. Mkulima wa kahawa wa Othaya au Mathira hunyunyiza dawa ya chule buni kabla matunda hayajaharibika. Mbona mwili wake aungoje hadi mgongo na nyonga ziume? Maumivu hayo yaweza kuwa ishara kwamba saratani imeingia kwenye mifupa, na hapo ndipo familia huanza kuuza ng'ombe na kipande cha shamba.

Ukifika miaka 50, zungumza na daktari kuhusu kupimwa. Kama baba au ndugu yako aliugua, anza mapema zaidi, kuanzia miaka 40 hivi. Kipimo cha kwanza ni cha damu, huitwa PSA. Daktari anaweza pia kupima kwa kidole. Ni jambo la muda mfupi, na halimpunguzii mtu uanaume. PSA ikiwa juu, si lazima iwe saratani, kwani tezi huweza kuvimba kwa sababu ya umri au maambukizi. Vipimo zaidi ndivyo hutoa jibu.

Lakini ukiona mkojo unatoka kwa shida, unaamka usiku mara nyingi kukojoa, au mkojo una damu, usingoje umri wowote. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri.

Na ukipatikana nayo, usikate tamaa. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1997, akatibiwa, akaendelea na kazi, na akaishi hadi Desemba 2021, akiwa na miaka 90. Saratani nyingine hukua polepole, daktari akaifuatilia kwa vipimo tu. Nyingine huhitaji upasuaji, mionzi au dawa za homoni.

Matibabu yanaweza kuleta shida ya kuzuia mkojo au kupungua kwa nguvu za kiume. Shida hizo zina msaada, lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Mama watoto pia mwambie. Kliniki mwende wawili.

Ombi langu ni mambo mawili. Jisajili na SHA na ulipe mchango wako ukiwa mzima. Kisha jioni ya leo, muulize baba au kaka yako: umepimwa?