Tone la Oili Chini ya Katapila

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa na halmashauri ya tawi tuseme machache juu ya katapila za zamani na oili inayovuja. Huenda wengine wakauliza, hayo ni mambo ya karakana, yanahusu nini chama? Twajibu kwamba yanahusu chama sana. Oili inayovuja hudhuru watu watatu: mwendeshaji anayekaa juu ya mashine, fundi anayelala chini yake, na yule atakayelaumiwa siku injini itakapokufa. Na watu hao watatu wote ni sisi.

Tunaposema katapila tunataja kila trekta iendayo kwa minyororo, ijapokuwa jina lenyewe ni la kampuni ya Marekani iliyoundwa mwaka 1925. Kampuni hiyo ilianza kuuza trekta za minyororo zenye injini ya dizeli mwaka 1931. Mashine za miaka ya 1940 na 1950 zilijengwa kwa chuma kizito, na hata leo ziko ambazo bado zasukuma udongo na kokoto. Chuma chake hakijachoka. Kilichochoka ni vile vitu vidogo visivyotazamwa: gasketi za karatasi, oili sili za ngozi na za mpira, na bolti zilizolegezwa na mtikisiko wa miaka mingi.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hebu tufanye hesabu kidogo. Kwa kukadiria, matone 20 hadi 30 hufanya mililita moja. Mashine ikidondosha tone moja kila sekunde, kwa zamu ya saa 8 hudondosha matone 28,800. Hiyo ni kama lita moja au zaidi kila siku ya kazi. Mtu akitazama tone moja huona si kitu, lakini karani wa stoo akitazama daftari lake mwisho wa mwezi huona madebe. Naye huuliza, oili hii imekwenda wapi, na nani ameiuza? Hapo ndipo mtu mwaminifu huanza kushukiwa wizi.

Basi tuanze na kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuosha. Oili hushuka kufuata chuma, na feni huipeperusha nyuma, kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima pawe mahali inapotoka. Fundi anayebadilisha gasketi kabla ya kuosha mashine abahatisha tu. Osheni injini mpaka chuma kionekane, ikausheni, kisha iendesheni mpaka ipate moto. Halafu izimeni mtazame, mkianzia juu na kushuka chini. Ile alama ya unyevu iliyo juu kuliko zote ndiyo chanzo. Kama bado hamwoni, nyunyizeni unga wa chaki mahali palipokauka. Oili ikitoka, itachora mstari juu ya weupe ule.

Jambo la pili ni kuitambua oili yenyewe. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi. Oili ya gia ni nzito na ina harufu yake kali. Dizeli ni nyepesi na hunuka. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Na mkiona oili katika kijiti cha kupimia yapanda badala ya kushuka, msifurahi, maana huenda dizeli yavujia ndani ya sampu. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, haiwezi kulinda beringi, na injini hiyo yaelekea kufa huku kijiti chaonyesha kwamba imeshiba.

Jambo la tatu ni kuuliza sababu kabla ya kushika spana. Katika injini nyingi liko bomba la pumzi linalotoa hewa iliyo ndani ya sampu. Bomba hilo likizibwa na vumbi na grisi, hewa hukosa njia, nayo huisukuma oili itoke kwa kila upenyo. Mtu aweza kubadilisha sili tatu bure, kumbe dawa ilikuwa kusafisha bomba moja. Ikiwa bomba ni safi na moshi watoka hapo kwa nguvu, jueni kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Hapo gasketi mpya haitasaidia. Ni injini inayotaka kufunguliwa. Vilevile oili ikitiwa kupita kiasi hupigwa na krenki mpaka ikafanya povu, kisha hutafuta mahali pa kutokea. Pimeni mashine ikiwa juu ya ardhi iliyo sawa, na mfuate kitabu cha mashine hiyo.

Jambo la nne ni kufunga vizuri. Fundi akiona kifuniko chavuja, mkono hukimbilia kukaza bolti. Lakini kifuniko cha bati kikikazwa kupita kiasi hubonyea penye matundu ya bolti na kuinuka katikati, na uvujaji huzidi. Kivueni, kigongeni polepole juu ya chuma bapa mpaka kinyoke, kwangueni gasketi ya kale yote, kisha kazeni bolti kwa kupokezana, hii ya upande huu na ile ya upande wa pili, kidogo kidogo. Mkikata gasketi wenyewe, tazameni unene wake. Ziko gasketi ambazo hupima pia nafasi ya beringi. Mkiweka nene kuliko ya kwanza, beringi hucheza, na mtakuwa mmeziba tundu dogo na kufungua kubwa.

Na oili sili je? Sili mpya haiwezi kushinda shafti mbovu. Pitisheni ukucha juu ya shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama katika mfereji, yapasa shafti ivishwe pete nyembamba, au sili isogezwe ikae mahali palipo laini. Tikiseni shafti pia. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya itakufa mapema.

Sasa twataka mtusikilize zaidi, maana hapa pana roho ya mtu. Katapila nyingi za zamani hazina usukani wa mviringo. Mwendeshaji huzigeuza kwa kuachia klachi ya upande mmoja na kukanyaga breki ya upande huo. Katika mashine nyingi za miaka hiyo, klachi hizo hukaa ndani ya chumba kikavu, na hazitakiwi kuguswa na oili hata kidogo. Sili za gia zilizo jirani zikichoka, oili hupenya katika chumba hicho. Klachi huteleza, mashine hukosa nguvu upande mmoja, na breki hukataa kushika. Hebu fikirini mashine ya tani nyingi juu ya tuta la reli, mwendeshaji akanyaga breki ya kulia, na mashine yaendelea kwenda mbele. Chini ya chumba hicho kuna kizibo. Kifungueni kwa ratiba. Kikitoa oili, mashine isipande tuta mpaka itengenezwe. Vitabu vya zamani vilieleza namna ya kuziosha klachi hizo, lakini kuosha ni kumpangusa mgonjwa jasho tu. Ugonjwa ni sili.

Tazameni pia zile gia za mwisho zinazozungusha minyororo. Oili yake hulindwa na sili zenye mvukuto na springi. Waya na matope yakijisokota hapo, huzila. Mahali pa kazi ya reli hapakosi vipande vya waya, kwa hiyo mwisho wa zamu mtu apitishe jicho na kuzitoa. Gia hizo hazina geji ya kumwonya mwendeshaji. Oili yaweza kwisha kimya kimya, na habari ya kwanza ikawa ni mlio wa meno yakisagika.

Twasema pia juu ya mwili. Msitafute uvujaji wa bomba lenye presha kwa kidole. Oili ya kuinulia bamba la mbele, na dizeli ya kwenye injekta, huweza kutoboa ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo kama cha kuumwa na mdudu, lakini ndani nyama yaharibika. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile na daktari aambiwe ni oili ya presha. Asingoje mpaka mkono uvimbe. Tumieni kipande cha karatasi ngumu kutafutia. Msiingie chini ya bamba lililoinuliwa. Lishusheni chini au liwekeeni magogo imara. Safisheni bamba la chini linalokinga injini, kwa kuwa oili, majani makavu na cheche vikikutana hapo ni moto. Oili inayorushwa na feni hunasa vumbi katika rediata, na injini ikachemka. Wala oili iliyotumika msiimwage mtaroni, maana mtaro waenda mtoni.

Wenzetu, haya yote hayawezekani kwa moyo peke yake. Kumbukeni mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Trekta nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika vitani, nyingine zikaletwa kutoka Filipino. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, spea hazikutosha, na mafundi waliofunzwa walikuwa wachache. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya pauni zaidi ya milioni 30 kupotea. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hiyo: mashine ya zamani isiyo na karakana, spea na watu waliofunzwa ni chuma tu kilichosimama porini.

Kwa hiyo tuna haki ya kudai muda wa kuosha mashine, sili zilizo sawa, na mafunzo. Lakini madai huhitaji maandishi, na hapo twafika kwenye neno letu kubwa: andikeni. Kila mwendeshaji aandike katika daftari la mashine tarehe, kiasi cha oili alichoongeza, na mahali inapovuja, kisha msimamizi atie sahihi. Kuongeza oili bila kuandika ni kuuficha ugonjwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kiasi cha haki pale mali inapoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Yatazameni vizuri maneno hayo: kosa la makusudi. Mtu aliyeandika mara tano kwamba sili yavuja, na msimamizi akatia sahihi mara tano, nani atasema aliiua mashine kwa makusudi? Na yule asiyeandika hata mara moja, atajitetea kwa nini?

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka tumwarifu msimamizi tunapoona hatari kubwa, na yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Klachi iliyolowa oili ni hatari kubwa. Arifuni, andikeni, na mwakilishi wenu katika kamati apewe nakala. Mmoja akisema peke yake ataitwa mvivu anayeogopa kazi. Tukisema pamoja, na daftari liko mezani, litakuwa jambo la kujibiwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kila mmoja ainame atazame chini ya mashine yake. Akiona tone, asilipige teke la vumbi kulifunika. Alitafute lilikotoka, na aliandike.