KOMPYUTA IKIKATAA KUAMKA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru



Leo tutasema habari ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika kazi yetu kama spana, nacho ni kompyuta. Mwishowe mtaona kwamba habari hii pia ni habari ya mshahara.

Fundi wa leo hasomi ugonjwa wa injini ya dizeli kwa sikio tu. Hufunga waya kati ya injini na kompyuta, na programu humwonyesha kasoro ilipo. Lakini ili kompyuta iutambue waya ule, sharti kwanza iwekwe programu ndogo iitwayo draiva. Hapo ndipo matata huanza. Draiva imewekwa, kompyuta imezimwa na kuwashwa tena, nayo haiamki. Kioo ni cha buluu au cheusi, au alama yazunguka tu bila kufika.

Kwa nini? Sisi watu wa reli tutafahamu upesi. Programu ya kawaida ni kama abiria ndani ya behewa. Akilewa atawaudhi wenzake, lakini gari litafika Kisumu. Draiva si abiria. Yeye amepanda kwenye kichwa cha gari na kushika mitambo pamoja na dereva. Huyo akikosea, gari zima husimama. Hata hivyo injini ni nzima na mizigo ni salama. Kuna mmoja tu wa kushushwa.

Jambo hili huwapata hata wakubwa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili moja mbovu iliyosomwa na draiva yake. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka, na ndege, benki na hospitali zikakwama. Dawa yake ilikuwa kuifuta faili ile moja. Hakuna aliyehitaji kutupa kompyuta.

Basi, ndugu, fanyeni hivi:

1. Chomoeni waya na kila kifaa kipya kilichofungwa siku hiyo.

2. Andikeni maneno na namba zilizo kwenye kioo, au pigeni picha kwa simu. Andikeni pia jina la programu iliyowekwa, saa, na nani aliyeagiza iwekwe.

3. Ikiwa kompyuta ni ya Windows 10 au 11, shikilieni kifungo cha kuwashia sekunde 10 hata izime, kisha iwasheni tena. Ikishindwa mara mbili au tatu mfululizo, italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagueni "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Startup Settings", halafu "Restart". Ikileta orodha, bonyezeni 4. Hiyo ni "Safe Mode", yaani kompyuta huamka na draiva chache tu za lazima.

4. Ikiamka, ondoeni draiva ile mpya. Ikikataa kuondoka, rudini kwenye "Advanced options" mchague "System Restore", ambayo huirudisha mitambo katika hali ya siku iliyopita, na barua na hesabu zenu hazitaguswa. Lakini hufaa tu ikiwa kompyuta ilikuwa imeweka alama ya siku hiyo.

5. Ikidai ufunguo wa tarakimu 48, msibahatishe. Ufunguo huo huwa na ofisi inayotunza kompyuta.

6. Msikimbilie "Reset". Hiyo huondoa programu zote za kazi, na kumbukumbu za injini zaweza kupotea nazo.

Sasa tufike kwenye mshahara. Katika karakana moja ya bonde hili, ambayo hatutaitaja, mwenzetu aliweka draiva kwa amri ya mkubwa wake. Kompyuta ilipokataa, aliambiwa atailipa. Tulikwenda pamoja naye, na karatasi yake ya saa na majina mkononi. Kompyuta iliamka kabla ya chakula cha mchana, na madai yakaisha.

Jueni sheria, ndugu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Kuweka draiva uliyoagizwa si kusudi la kuharibu. Na kifungu cha 41 chasema, kabla ya kufukuzwa kwa kosa la kazini, mfanya kazi aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua.

Kwa hiyo kila karakana na iwe na daftari la kompyuta, kama lilivyo daftari la injini. Asiyejua na aulize, na anayejua na afundishe. Akiitwa mmoja wenu ofisini kwa ajili ya kompyuta iliyolala, asiende peke yake. Amwite kwanza mjumbe wa chama.

Umoja ni nguvu.