TAARIFA YA TAWI: MAFUA MAKALI, KUPIMA NA KUTIBU

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyosema kikaoni jana, kwa ambao hamkufika.

Kipimo cha nyumbani kipo. Marekani waliruhusu Februari 2023 kipimo kinachobainisha kama ni mafua makali au UVIKO-19: unasugua kijiti puani, nusu saa una jibu. Dawa ya virusi hivyo ipo pia, oseltamivir, ya kuandikiwa na daktari; hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48. Hapo ndipo hesabu ilipo. Anayemeza antibiotiki za dukani siku tatu amepoteza fedha na muda, maana antibiotiki haziui virusi.

Kwetu hapa homa yoyote ipimwe malaria kwanza. Wajawazito, wazee, wenye watoto wachanga, wenye pumu au kisukari: msingoje, nendeni kituoni siku ile ile. Nauli ya bodaboda italipwa na mfuko wa tawi. Mpigieni mweka hazina, hata usiku. Wengine ni maji, kupumzika na paracetamol. Watoto msiwape aspirini.

Anayekohoa asije Jumamosi. Hatutamwandika mtoro.

Katibu wa Tawi