Mafuta ya Turkana na Njia Ipitayo Syokimau

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Syokimau



Jina la Syokimau lilikuwa la mtu kabla ya kuwa la stesheni. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri, aliyeishi kabla Wazungu hawajafika bara. Inasemekana aliwaambia watu wake kwamba atakuja nyoka mrefu atemaye moshi, atokaye bahari moja na kufika maji mengine, na pamoja naye watakuja watu wa rangi ngeni wachukuao moto mifukoni mwao. Nyoka akaja. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikaligusa ziwa pale Kisumu. Watu wakafahamu maana ya moshi, na maana ya moto wa mfukoni, ambao ni kibiriti.

Siku hizi nyoka wameongezeka, nao karibu wote hupita jirani na Syokimau. Iko reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ambayo juu yake ilijengwa stesheni ya abiria iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012. Iko reli mpya, pana zaidi, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Mombasa mwaka 2017, na kituo chake kikuu cha Nairobi kimejengwa hapa hapa. Iko barabara kuu ya Mombasa, na juu yake barabara ya kulipia ya kilomita 27, ianziayo Mlolongo na kuishia Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Na jina la Mlolongo lenyewe linawakumbusha watu foleni ya malori yaliyosimama kungojea mizani. Nyoka wa mwisho haonekani. Huyo ni bomba la mafuta litokalo Mombasa chini ya ardhi, likipita katika nchi ya Wakamba hadi Nairobi. Lilianza kazi mwaka 1978, nalo lina urefu wa kilomita 450 hivi. Mwaka 2018 likawekewa mwenzake mnene zaidi, mwenye upana wa inchi 20.

Yafaa basi katika mahali kama hapa kuzungumza habari za mafuta, kwa kuwa watu wengi wana mawazo yasiyo sawa juu yake. Tarehe 26 Machi 2012 ilipotangazwa kwamba mafuta yameonekana Turkana, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia, wako waliosema kwamba sasa petroli itauzwa kwa bei ya maji, na mafuta ya taa yatagawiwa bure. Miaka ikapita, na bei haikushuka. Je, kulikuwa na udanganyifu? Sababu kubwa haimo katika udanganyifu. Imo katika jiografia, na inafaa kuelezwa polepole.

Kwanza, mafuta yatokayo ardhini siyo mafuta yatiwayo katika gari. Ni lazima yapikwe na kutenganishwa katika kiwanda cha kusafishia. Kenya ilikuwa na kiwanda cha namna hiyo pale Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, lakini kiliacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo petroli, dizeli na mafuta ya taa ya nchi nzima hununuliwa yakiwa tayari, yakaja kwa meli. Kwa hiyo pipa la Turkana likiuzwa, huuzwa ghafi kwa wageni, kama vile mkulima auzavyo kahawa mbichi kisha akanunua ya kopo dukani. Nchi hupata fedha. Lakini bei ya dukani hufuata bei ya ulimwengu, pamoja na kodi na gharama za njiani.

Pili, mafuta ya Lokichar yana nta nyingi. Yakiwa ya moto hutiririka, yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi. Huko Turkana jua ni kali na nchi ni ya chini, lakini njia ya kwenda baharini hupanda. Lori litokalo Lokichar hupita Kainuk, likapanda hadi Kitale na Eldoret, likavuka Timboroa ambako urefu wa nchi unapita mita 2,700 juu ya bahari na usiku hutetemesha, likateremka Nakuru, likapanda tena ukingo wa Bonde la Ufa, ndipo likaja Nairobi na kuishika barabara ya Mombasa. Safari yote ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ilibidi mafuta yatiwe katika matangi yenye kuta zihifadhizo joto, kama chai katika chupa, yasije yakafika bandarini yakiwa donge.

Hata hivyo ilijaribiwa. Mwezi wa Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliyaaga malori ya kwanza huko Lokichar. Kabla mwezi haujaisha wakazi waliyazuia. Madai yao yalikuwa juu ya usalama, kwa kuwa wezi wa mifugo na majambazi wa njiani walikuwa wakiwasumbua, na pia juu ya kazi na sehemu yao ya faida. Malori yalisimama mpaka mwezi wa Agosti. Mafuta yakawekwa katika matangi ya kile kiwanda cha zamani cha Changamwe, hata yalipotosha shehena moja. Mwezi wa Agosti 2019 meli ikaondoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000, shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya kuuzwa ng'ambo. Hesabu ya wepesi inaonyesha ugumu wa jambo: ilichukua zaidi ya mwaka mmoja wa malori kuijaza meli moja. Biashara ya mafuta haiendeshwi hivyo. Inataka bomba, na tena bomba lipashwalo moto njia nzima.

Hapo ndipo penye kisa kirefu, na Waafrika wa Mashariki wote wamo ndani yake. Uganda ilipata mafuta kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, nayo pia yana nta. Kenya ilitumaini kwamba bomba la Uganda litapita Lokichar, lichukue ya Turkana, na mafuta yote yateremke pamoja hadi Lamu, gharama zikagawanywa kama vile majirani wawili wakodishao lori moja kupeleka mahindi sokoni. Lakini mwezi wa Aprili 2016 Uganda ikachagua kupitia Tanzania, kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Njia hiyo ni ndefu, ila ilihesabiwa kuwa na gharama ndogo, na bandari yake ilikwisha kuwapo. Pia habari za usalama kaskazini mwa Kenya ziliwatia wenye fedha wasiwasi. Turkana ikabaki peke yake na safari ya kilomita mia nane na zaidi mpaka Lamu, na mafuta yanayoweza kutolewa yakikadiriwa na wachimbaji kuwa mapipa milioni 560 hivi. Mtu mmoja kukodi lori zima ni jambo jingine. Mwaka 2023 makampuni mawili yaliyokuwa na hisa yakajitoa, na mwaka 2025 kampuni ya Tullow, iliyochimba kisima cha Ngamia, ikauza sehemu yake kwa Gulf Energy.

Lamu yenyewe haikukaa bure. Tarehe 2 Machi 2012, siku chache tu kabla ya habari za Ngamia, marais wa Kenya na Sudan ya Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikutana huko kuanzisha kazi ya bandari, barabara, reli na bomba. Sudan ya Kusini ilikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na maana. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 2011 ilirithi visima, lakini bomba lilipita Sudan ya Kaskazini hadi Port Sudan. Wakagombana juu ya malipo ya kupitisha, na mwezi wa Januari 2012 Juba ikavifunga visima vyake, ikakaa bila pato lake kubwa kwa zaidi ya mwaka. Mwenye shamba asiye na njia ya kutokea hujua uchungu huo. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Maji yake yana kina kirefu, na meli kubwa zimekwisha kutia nanga. Bomba halikufika.

Watu huuliza kama nchi yenye mafuta haiwezi kujenga kila kitu kwa fedha za mafuta yake. Jibu moja laweza kupatikana Gabon, nchi ya misitu mikubwa iliyo juu ya mstari wa ikweta, upande wa Atlantiki. Watu wake hata leo ni wachache kuliko wa Nairobi, na mafuta ilianza kuyatoa tangu miaka ya 1950. Madini ya manganizi yalichimbwa Moanda, mbali ndani ya msitu, wala hapakuwa na reli. Tangu mwaka 1962 madini hayo yalining'inizwa katika ndoo juu ya waya, kilomita 76 angani, mpaka nchi jirani ya Kongo, ndipo yakapandishwa reli ya wenyewe. Fedha za mafuta zilipopanda katika miaka ya 1970, Serikali ya Gabon ikaazimia kujenga reli yake kupenya msitu, karibu kilomita 650, kutoka Owendo hadi Franceville. Wako wataalamu wa ng'ambo walioibeza. Ikakamilika mwezi wa Desemba 1986, na kumbe mwaka ule ule bei ya mafuta ilikuwa imeanguka vibaya, madeni yakabaki. Lakini reli nayo ikabaki, na manganizi ya Moanda hupita juu yake hadi pwani. Jambo la ajabu ni hili: Port-Gentil, mji wenyewe wa mafuta, kwa miaka mingi haukuwa na barabara ya kuuunganisha na Libreville. Mtu alikwenda kwa chombo au kwa ndege. Fedha zilitoka pale, barabara ikajengwa kwingine.

Wakazi wa Machakos wanaielewa habari hiyo bila kuelezwa sana. Kampuni ya Kiingereza ilijenga boma Machakos mwaka 1889, na huko ndiko utawala ulikokaa kabla Nairobi haijawa mji. Lakini wapimaji wa reli walipendelea tambarare ya Athi, wakaiacha Machakos vilimani, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamishwa kufuata reli. Mji mkongwe ukawa kando, na nyika ya swala ikawa jiji. Reli mpya ilipokuja, iliyojengwa zaidi kwa mkopo mkubwa kutoka China ambao lazima ulipwe, ilikata upande huu huu wa tambarare. Syokimau ikapata stesheni mbili, na viwanja vyake vikapanda bei kupita kiasi. Hata hivyo haifai kusahau kwamba mwezi wa Novemba 2011 nyumba nyingi za hapa zilibomolewa kwa madai kwamba zilisimama juu ya ardhi ya uwanja wa ndege, na waliozijenga walikuwa wameshika karatasi mikononi.

Sheria ya petroli ya mwaka 2019 imejaribu kuzuia mambo ya Port-Gentil. Katika sehemu ya faida iliyo haki ya Serikali, asilimia 20 ni ya kaunti yenye mafuta, na asilimia 5 ni ya watu wa mahali palipochimbwa. Asilimia tano hiyo ilipiganiwa sana. Wengine walitaka iwe 10. Turkana ina watu zaidi ya laki tisa kwa hesabu ya mwaka 2019, wengi wao wafugaji, na eneo lililozungushiwa ua wa kisima ni malisho yaliyopungua tangu siku ile ile, wakati fedha za asilimia tano hungojea bomba. Hilo ndilo lililowafanya wazee wa Lokichar wasimame mbele ya malori.

Nao waishio njiani, ambao hawana kisima wala asilimia? Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka bomba katika mtaa wa Sinai, Nairobi, si mbali na hapa. Watu maskini walikwenda kuikinga kwa ndoo na madebe. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Mwaka 2015 bomba lilivuja tena, safari hii huko Thange karibu na Kibwezi, katika nchi iliyokuwa zamani ya Wilaya ya Machakos na sasa ni Makueni. Mafuta yakaingia katika mto na visima. Wakulima waliokuwa wakimwagilia mboga zao kwa maji hayo wakaona mimea ikinyauka, na maji ya kunywa yakabidi yaletwe kwa magari. Wakaenda mahakamani. Kesi ikachukua miaka. Mwezi wa Julai 2025 mahakama ya Makueni ikaamuru walipwe fidia, na mto usafishwe.