Kilomita 41 Ambazo Hatukuzihesabu

(Maneno ya mwakilishi wa waendesha baiskeli katika mkutano mkuu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze safari yetu ya baiskeli kutoka Tunduma kuja nyumbani Malangali. Barabara ile mnaijua: kilomita 223 mpaka Sumbawanga mjini. Tulikuwa wanane, tukilala kwenye mahema. Ninyi mliahidi kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita ambayo mwendeshaji ataimaliza kwa miguu yake mwenyewe, na fedha hizo ni za mabati ya madarasa mawili. Siku mbili za mwanzo tulikwenda na jua. Nitasimulia ya tatu.

Tulipiga kambi nje kidogo ya Laela. Saa nane usiku mvua ikaanza, ile ya kwetu ya Desemba inayokuja na upepo na baridi. Maji yalipita chini ya mahema, mablanketi yakalowa yote. Mama wa nyumba ya jirani akatoka na taa. Hakutuuliza sisi ni akina nani. Alituingiza jikoni, akawasha moto. Asubuhi akatupa uji wa ulezi. Tulipotaka kumlipa, alikataa kabisa.

Tuliondoka saa moja, bado inanyesha. Kwenye miteremko breki hazikushika vizuri, na kila lori lililopita lilitumwagia maji. Tulipokwisha kuipita Mpui, mwenzetu mmoja akaanza kutetemeka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi kushika usukani. Siku hiyo alikuwa ameendesha kilomita 54, zilibaki 41. Alitaka kuendelea, kwa sababu mjomba wake ndiye aliyetoa ahadi kubwa kuliko wote.

Tulibishana kwenye kibanda kitupu kando ya barabara. Hapa nakiri mbele yenu: mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema apande gari, ashuke karibu na mjini, aingie pamoja nasi akiendesha, na tusiseme neno. Nani angejua? Aliyekataa ni yeye mwenyewe, meno yakigongana. Akasema, "Nitapanda, lakini mkaandike." Likaja lori la mahindi. Dereva akampakia pamoja na baiskeli yake, wala hakudai nauli.

Saba tuliobaki tuliingia Sumbawanga saa kumi na moja jioni. Tulimkuta anatusubiri, amevaa nguo kavu, na chai iko tayari.

Ndiyo maana katika taarifa ya Mhazini mtaona kilomita 1,743, badala ya 1,784 ambazo wanane tungetimiza. Mhazini hakukosea. Mjomba amelipia kilomita alizoendesha mpwa wake, sawasawa na ahadi, na hatukumwomba zaidi. Wengi wenu mnachangia mkiwa Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, na hamwezi kuja kuhesabu bati moja moja. Mnachoweza kukipata kutoka kwetu ni hesabu ya kweli, hata pale inapotupunguzia fedha.

Ndugu zangu, sisi tulilowa siku moja, na tulijipeleka wenyewe. Watoto wa madarasa yale husogeza madawati kukwepa matone tangu masika yanapoanza hadi yanapokwisha, na hakuna lori la kuwapakia. Usiku ule nje ya Laela nililala chini ya bati la mtu nisiyemjua, nikasikia mvua inapiga juu na mimi ni mkavu. Hicho ndicho tunachowaombea.

Zile kilomita 41 bado ziko mezani. Anayependa kuzilipia, karibu, ila ajue kwamba ni za lori.