Somo la Paja

Leo tutasoma habari za paja. Kaeni kitini, wekeni mkono juu ya paja, kisha nyoosheni mguu. Nyama mnayoisikia ikikazana ni misuli minne ya mbele. Kazi yake ni kunyoosha goti. Misuli ya nyuma hulikunja. Huko nyuma hupita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini. Mbele, toka kinenani, hushuka mshipa mkubwa wa damu itokayo moyoni. Panga likiukata, mtu aweza kufa kwa dakika chache. Basi msingoje. Mmoja akandamize jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala asiachie. Wengine watafute gari la kumpeleka hospitali.